Ufunguo wa Virusi na Kufuli la Popo

Upande wa mashariki wa jiji la Kigali, wilayani Gasabo, pana mahali paitwapo Masoro. Hapo ndipo lilipo Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, na hapo ndipo tarehe 23 Juni 2022 lilipowekwa jiwe la msingi la kiwanda cha chanjo cha kampuni ya Kijerumani iitwayo BioNTech. Mwezi Machi 2023 makontena ya kwanza yenye mitambo yaliwasili kutoka Ulaya, na tarehe 18 Desemba mwaka huo huo Rais Paul Kagame wa Rwanda alihudhuria sherehe za kukizindua kiwanda hicho pamoja na wageni wa nchi mbalimbali.

Habari ya kiwanda imeenea. Lakini elimu iliyokitangulia, yaani elimu ya namna virusi vya korona vinavyoingia ndani ya mwili, bado haijafika katika nyumba nyingi. Nayo ina faida kwa kila mwenye nyumba, maana ndani yake mna majibu ya maswali ambayo watu wamekuwa wakiulizana tangu mwaka 2020. Je, popo akaaye darini ataleta korona nyumbani? Kwa nini kirusi kimoja kiue watu, na jamaa yake kisimdhuru mtu yeyote? Na je, ingefaa popo wote waangamizwe ili watu wakae kwa amani?

MLANGO WA SELI

Mwili wa mwanadamu, kama ulivyo mwili wa popo, umejengwa kwa seli nyingi mno, ndogo hata hazionekani kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando ulio kama ukuta wa nyumba. Juu ya ukuta huo zimepandwa protini za namna nyingi, kila moja na kazi yake. Nyingine hupokea ujumbe wa homoni, nyingine hupitisha chakula. Zile zinazoshika kitu kitokacho nje, wataalamu huziita vipokezi.

Kirusi si mnyama wala si mmea. Ni kifurushi kidogo chenye maagizo ya kutengenezea virusi vingine, kisichoweza kula wala kuzaa kikiwa peke yake. Ili kizaliane hakina budi kuingia ndani ya seli na kuifanya seli hiyo mtumwa wake. Virusi vya korona vimezungukwa na miiba ya protini, na miiba hiyo ndiyo iliyovipa jina, kwani neno korona katika Kilatini maana yake ni taji. Ncha ya mwiba ndiyo ufunguo, na kipokezi kilicho juu ya seli ndicho kufuli. Ufunguo ukilingana na kufuli, kirusi hushikamana na seli. Usipolingana, kirusi huteleza kikapotea.

Mwaka 2003, wakati ugonjwa wa SARS ulipokuwa umetoka China na kuingia nchi nyingi, wataalamu nchini Marekani waligundua kwamba kufuli linalotumiwa na kirusi cha ugonjwa huo ni protini iitwayo ACE2. Kazi halali ya ACE2 si kupokea maradhi, bali ni kusaidia kurekebisha shinikizo la damu, nayo hupatikana puani, mapafuni, katika utumbo na katika viungo vingine. Mapema mwaka 2020 ikathibitishwa ya kuwa kirusi kipya cha UVIKO-19 nacho hutumia kufuli lilo hilo. Kwa hiyo kirusi ni mfano wa mwizi asiyevunja mlango, bali huchonga ufunguo wa kufuli ambalo mwenye nyumba aliliweka kwa shughuli zake mwenyewe.

Hata hivyo, ufunguo kuingia katika kufuli hakutoshi. Nyuma ya mlango lipo komeo. Baada ya kushikamana, mwiba hauna budi ukatwe na vimeng'enya vya mwili wenyewe, ndipo utando wa kirusi uungane na utando wa seli na maagizo yale yaingie ndani. Ndiyo sababu kirusi chaweza kushika kufuli la mnyama fulani na bado kishindwe kumwambukiza.

MAKUFULI YASIYOLINGANA

Jina la ACE2 lisimfanye msomaji adhani kwamba kitu hicho ni kimoja kwa viumbe vyote. Binadamu anayo, paka anayo, ng'ombe anayo na popo anayo, lakini umbo lake hutofautiana. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na ACE2 ya binadamu ina vipande 805. Vichache tu kati ya hivyo ndivyo vinavyoguswa na ncha ya mwiba wa kirusi. Kikibadilika kimoja katika hivyo vichache, huenda kufuli limebadilika.

Duniani zipo aina zaidi ya 1,400 za popo. Wanaohusika zaidi katika habari hii ni wale ambao wataalamu huwaita Rhinolophus. Ni popo wadogo walao wadudu, wenye kikunjo cha ngozi puani kilicho na umbo la kiatu cha farasi, nao wanapatikana Asia, Ulaya na Afrika. Virusi vilivyo vya ukoo mmoja na SARS na UVIKO-19 vimeonekana hasa kwa popo hao. Popo wa aina mbalimbali katika jamii hii wana ACE2 zenye maumbo mbalimbali, na huko China imeonekana kwamba hata popo wa aina moja huweza kutofautiana wao kwa wao. Wataalamu huona hapo alama ya mashindano ya miaka mingi sana: popo akibadili kufuli, kirusi hubadili ufunguo.

Aidha, si virusi vyote vya korona vitumiavyo kufuli hilo. Kirusi cha MERS, kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012 nchini Saudi Arabia na ambacho hukaa kwa ngamia, hutumia kipokezi kingine kiitwacho DPP4. Ajabu ni kwamba kirusi kiitwacho NeoCoV, kilichopatikana kwa popo wa Afrika Kusini na kilicho jamaa wa karibu wa MERS, hakitumii DPP4. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hicho hutumia ACE2 ya popo. Ndugu wawili, funguo mbili tofauti. Kwa hiyo udugu wa virusi peke yake hautoshi kumwambia mtaalamu ni mlango gani utakaofunguliwa. Sharti ufunguo wenyewe ujaribiwe.

POPO WA RWANDA, UGANDA NA KENYA

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba habari hizi ni za Asia tu. Lakini katika mpango uliojulikana kwa jina la PREDICT, uliogharamiwa na Serikali ya Marekani kuanzia mwaka 2009, madaktari wa wanyama na wataalamu wa virusi walichukua sampuli za wanyama wa mwituni katika nchi nyingi, zikiwemo Rwanda na Uganda. Kazi hiyo haihitaji popo auawe. Popo hunaswa kwa wavu, huchukuliwa ute wa mdomoni na kinyesi kwa pamba, kisha huachiliwa akaruka. Katika popo wa Rhinolophus wa nchi hizo mbili vilipatikana virusi vya ukoo wa SARS, na habari zake zikachapishwa mwaka 2021. Kimoja kutoka Rwanda kilipewa jina la PRD-0038. Huko Kenya, kirusi cha ukoo huo huo kiitwacho BtKY72 kilikuwa kimepatikana katika sampuli ya popo iliyochukuliwa mwaka 2007.

Swali likawa: je, funguo hizi za Afrika ya Mashariki zaingia katika kufuli la binadamu? Ili kupata jibu pasipo hatari, wataalamu hawakuvitumia virusi vyenyewe. Walichukua ganda la kirusi kingine kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana, wakalivika miiba ya kile kilichochunguzwa, halafu wakatazama kama ganda hilo litaingia katika seli zilizowekewa ACE2 ya binadamu. Halikuingia. Ilionekana kwamba ncha za miiba hiyo zina vipande vilivyopungua zikilinganishwa na ncha za miiba ya SARS na UVIKO-19, mfano wa ufunguo uliokatika jino. Kwa upande mwingine, virusi vilivyopatikana kwa popo wa Laos, ambavyo habari zake zilichapishwa mwaka 2022, vilionekana kuwa na ufunguo ulioingia vizuri katika kufuli la binadamu.

Wengine wangeweza kusema: basi, popo wa Afrika hawana neno. Lakini habari haikuishia hapo.

MABADILIKO MAWILI TU

Mwezi Februari 2022 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi mwingine, ambamo miiba ya virusi vingi vya ukoo huo ilijaribiwa kwa makufuli ya viumbe mbalimbali. Ikaonekana kwamba virusi vya Afrika na vya Ulaya, vilivyodhaniwa kuwa havina habari na ACE2 kabisa, vinaishika ACE2 ya popo. Ilimaanisha kwamba ustadi wa kulishika kufuli hilo ni urithi wa kale wa ukoo mzima, wala haukuanzia China. Tena, wataalamu walipobadilisha vipande viwili tu katika ncha ya mwiba wa kile kirusi cha Kenya, ncha hiyo iliweza kushika ACE2 ya binadamu.

Mwishoni mwa mwaka 2023 ikaja zamu ya kirusi cha Rwanda. Katika uchunguzi uliotolewa na jarida la Cell Host & Microbe, ilielezwa kwamba mwiba wa PRD-0038 hushika ACE2 za popo wa aina nyingi, na kwamba mabadiliko katika ncha yake yaweza kuupanua uwezo huo hata ukafikia ACE2 ya binadamu. Wataalamu walipiga picha kwa hadubini ya elektroni wakauona ufunguo huo ukiwa ndani ya kufuli la popo aitwaye Rhinolophus alcyone, sehemu kwa sehemu.

Msomaji asitishike kupita kiasi. Mabadiliko hayo yalifanywa maabara, katika mwiba peke yake. Pia kumbuka lile komeo: kushika kufuli ni hatua ya kwanza tu, kisha kirusi hakina budi kuzaliana ndani ya seli, kuishinda kinga ya mwili, na kupata njia ya kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Lakini pia asipuuze. Umbali kati ya kirusi kisichoweza kumgusa mtu na kile kiwezacho kumgusa si mkubwa kama ilivyofikiriwa, na kila mara binadamu na popo wakutanapo kwa karibu, kirusi hupata nafasi nyingine ya kujaribu ufunguo wake.

KUTOKA PANGONI HADI MASORO

Uchunguzi huo wa mwaka 2023 ulikuwa na jambo jingine, nalo ni la matumaini. Wanyama wa maabara walipochanjwa kwa kutumia mwiba wa kirusi cha popo wa Rwanda, miili yao ilitengeneza kingamwili zilizotambua virusi vya matawi mengine ya ukoo huo kwa kiwango kikubwa kuliko wale waliochanjwa kwa mwiba wa UVIKO-19. Kwa maneno mengine, ufunguo wa popo wa Rwanda ulimfundisha mlinzi kuzitambua hata funguo nyingine ambazo hajapata kuziona. Wataalamu hao walishauri kwamba miiba ya namna hiyo ifikiriwe katika kutengeneza chanjo za siku zijazo.

Hapo ndipo elimu ya pangoni inapokutana na kazi ya viwandani. Chanjo za namna ya BioNTech hazina kirusi ndani yake. Zina maagizo yaliyoandikwa kwa kemikali iitwayo mRNA, yanayoifundisha seli ya mwili kutengeneza mwiba peke yake ili kinga iuone, iujue na iukumbuke. Ukitaka chanjo ya mwiba mwingine, hubadilishi mitambo yote, wabadilisha maandishi. Mitambo ya Masoro ilipangwa katika seti mbili, kila moja ikiwa na makontena sita: seti moja ya kutengeneza mRNA na nyingine ya kuitia katika matone madogo ya mafuta yanayoilinda. Ilielezwa katika mipango yake kwamba kiwanda kingeweza kufikia dozi milioni 50 kwa mwaka, kutegemea aina ya chanjo.

Umuhimu wa jambo hilo huonekana mtu akikumbuka yaliyopita. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Rwanda alitangazwa tarehe 14 Machi 2020. Chanjo za kwanza za mpango wa COVAX ziliwasili Kigali tarehe 3 Machi 2021: dozi 240,000 za AstraZeneca na dozi 102,960 za Pfizer. Mwezi huo huo India, iliyokuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya chanjo za mpango huo, ilizuia nyingi zisitoke kwa sababu ya mahitaji ya watu wake, na nchi nyingi za Afrika zikabaki zikingoja. Wakati huo bara zima lilikuwa likiagiza kutoka nje karibu asilimia 99 ya chanjo zake, ndipo Umoja wa Afrika ulipoweka shabaha ya kutengeneza barani asilimia 60 ifikapo mwaka 2040. Mwenye kuazima chungu cha jirani hupika jirani akishakula.

KUUA POPO SI DAWA

Wako wasemao: ikiwa popo ndiye mwenye virusi, basi auawe. Jambo hilo limejaribiwa, na matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2007 wachimba madini wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliambukizwa ugonjwa wa Marburg kutokana na popo walao matunda waliokuwa ndani ya mgodi. Baadaye popo wale waliangamizwa. Mwaka 2012 Marburg ilizuka tena katika wilaya ya Ibanda, karibu na hapo. Wataalamu walipoupima mgodi waliona kwamba popo wamekwisha kuanza kurudi, na kwamba miongoni mwa hao wapya asilimia 13.3 walikuwa na maambukizo, ilhali kabla ya mauaji walikuwa asilimia 5.1 tu. Waliosafisha pango waliwafungulia mlango popo wageni wasio na kinga.

Marburg si ugonjwa wa korona. Kirusi chake ni cha ukoo mwingine, na kufuli lake, liitwalo NPC1, halipo mlangoni bali ndani kabisa ya seli. Lakini funzo ni moja. Rwanda yenyewe ilitangaza tarehe 27 Septemba 2024 kwamba imepatwa na Marburg. Watu 66 waliugua na 15 wakafariki, wengi wa wagonjwa wakiwa ni watumishi wa afya, kabla ya ugonjwa kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 20 Desemba 2024. Mgonjwa wa kwanza alihusishwa na machimbo yenye popo. Pale palipokuwa na hatari, mtu ndiye aliyekwenda kwa popo.

Tena popo wana kazi yao. Walao wadudu hupunguza mbu na wadudu waharibifu wa mazao; walao matunda husambaza mbegu za miti. Na wengine wako karibu kutoweka. Katika msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi mwa Rwanda, mwezi Januari 2019 alinaswa na kuachiliwa popo aitwaye Rhinolophus hilli, ambaye hakuwa ameonekana kwa takribani miaka 40.

YA KUFANYWA NYUMBANI

Kinga ya kwanza haipo maabara wala kiwandani, ipo mikononi mwa watu wa nyumbani. Mambo haya yafaa yazingatiwe:

Watoto wafundishwe wasimshike popo kwa mikono mitupu, awe hai au amekufa. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na popo, aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya bila kungoja, kwa kuwa kuna na hatari ya kichaa cha mbwa.

Tunda lililokwisha kutafunwa na popo au ndege lisiliwe, hata kama sehemu iliyobaki ni nzuri. Matunda mengine yaoshwe na yamenywe. Maji na vyakula vifunikwe usiku.

Kinyesi cha popo darini kisifagiliwe kikiwa kikavu, maana vumbi lake huingia puani. Kinyunyiziwe kwanza maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, na mwenye kukizoa afunge pua na mdomo, avae glavu, na anawe mikono baadaye.

Ikiwa popo wamehamia darini, wasichomwe moto wala kutiliwa sumu. Matundu yazibwe jioni wakiwa wametoka kutafuta chakula, na si wakati wana makinda yasiyoweza kuruka, ambayo yangefia ndani.

Kwenda pangoni au machimboni penye popo pasipo sababu kuepukwe. Mwenye kulazimika kwa kazi avae glavu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na akipatwa na homa baadaye amweleze mganga wa hospitali kwamba alikuwa huko. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha yake na ya wanaomuuguza.

Mwisho, chanjo zikitolewa na wizara ya afya, familia nzima ihudhurie kwa tarehe iliyopangwa. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa uliopo kati ya kirusi cha popo na mlango wa mwanadamu umekwisha kupimwa na wataalamu, nao ni mwembamba. Mpaka sasa funguo za popo wa Rwanda na Kenya hazijaonekana kulifungua kufuli la binadamu, na kila nyumba inayomwacha popo mahali pake inazinyima funguo hizo nafasi ya kujaribu.